Yule mchungaji aliyesema ukweli ili asijulikane

Kuna kurasa chache kwenye The Scarlet Letter, riwaya ya Mmarekani Nathaniel Hawthorne, sura ya 11, ambazo nimezisoma mara nyingi kuliko kitu chochote ukiacha Zaburi, na kila nikizisoma tumbo linanikata. Mchungaji kijana, Arthur Dimmesdale, anapanda mimbarini pale Boston akiwa ameshajiapiza kwamba leo lazima aseme. Ana mtoto wa nje. Mama wa mtoto, Hester Prynne, alishasimamishwa jukwaani mbele ya mji mzima, akahukumiwa kuvaa herufi A nyekundu kifuani maisha yake yote, na amekataa katakata kumtaja baba. Basi mchungaji anafungua mdomo anawaambia waumini kwamba yeye ni mchafu, ni mwenye dhambi kupita wenye dhambi wote, ajabu ni kwamba Mungu hajamteketeza hapohapo wanamwangalia. Na waumini wanafanyaje? Wanazidi kumheshimu. Wanasema jamani, kama mtakatifu huyu anaiona nafsi yake hivi, zetu sisi anazionaje. Anashuka mimbarini anapendwa kuliko alivyopanda.

Na alijua. Hapo ndo penyewe. Hawthorne anatuambia wazi kwamba yule mchungaji alijua kabisa watu watayapokea vipi maneno yale, kwa hiyo alisema ukweli mtupu na ukweli huohuo ukageuka uongo ukiwa bado mdomoni mwake.

Mtu aliyekulia kanisani anaijua hii sala. Bwana mimi ni mwenye dhambi, nisamehe dhambi ninazozijua na nisizozijua. Nimeiomba tangu nikiwa mdogo, nimeiomba kwa machozi, nimewahi kusifiwa kwa jinsi ninavyoiomba. Na miaka yote hiyo kulikuwa na kitu kimoja nakijua, kina tarehe, kina watu, na sijawahi kukitaja hata siku moja. Nitakisema mbele kidogo.

Kwanza hawa watu wenyewe, maana bila kuwaelewa utadhani Dimmesdale ni mnafiki wa kawaida tu na kitabu kinapoteza nusu ya uzito wake. Kitabu kilitoka Machi 1850 ila hadithi inarudi nyuma miaka 200, kwenye miaka ya 1640. Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali, walioanza kumiminika Massachusetts mwaka 1630 na gavana wao John Winthrop waliamini wameweka agano na Mungu kama jamii nzima, sio mtu mmojammoja, yani dhambi ya nyumba moja ingeweza kuwaletea adhabu wote, kwa hiyo dhambi ya jirani yako inakuhusu kama vile moto kwenye paa lake unavyokuhusu. Halafu makanisa yao yakaanza kudai kwamba ili uhesabiwe mshirika kamili usimame utoe ushuhuda jinsi neema ilivyokufikia, na wengine wakupime. Na tangu 1631 mwanaume asiye mshirika wa kanisa hakuwa na kura pale Massachusetts. Sasa fikiria. Roho yako ndo kitambulisho chako, ndo kazi yako, ndo kura yako. Ukikiri kosa hupati aibu tu, unapoteza mahali pa kusimama duniani, na kwa mchungaji ni zaidi maana wapo watu waliookoka kupitia mdomo wake, nao akianguka watajiuliza waliokoka kweli au vipi.

Na adhabu hazikuwa za mchezo. Uzinzi kisheria ulikuwa kosa la kifo, na mwaka 1644 watu wawili, Mary Latham na James Britton, walinyongwa kweli kwa kosa hilo pale Boston. Koloni jirani la Plymouth mwaka 1658 liliweka sheria ya kumshonea mzinzi herufi kwenye nguo. Kwa hiyo ile A ya Hester, ambayo ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la uzinzi, Hawthorne hakuitoa hewani.

Kitu kingine ambacho hakukitoa hewani ni aibu yenyewe. Alizaliwa Salem mwaka 1804, na babu wa babu yake, John Hathorne, alikuwa mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem mwaka 1692. Hakuna kumbukumbu kwamba yule hakimu aliwahi kuomba radhi. Na kwenye utangulizi wa kitabu mjukuu anaandika kwamba anaibeba yeye aibu ya wazee wake. Hata jina lake la ukoo aliliongezea herufi w, hilo linajulikana, ingawa sababu kila mtu anaeleza yake.

Sasa hilo langu.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 11, naimba kwaya ya watoto kwenye usharika mmoja kule milimani Kilimanjaro. Jirani yetu alikuwa na binti wa miaka 19, anasomea cherehani mjini, mpole, alikuwa ananishonea nguo za mdoli kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki. Nilimwita dada na kwa kweli nilimpenda kuliko dada zangu wa damu. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na mke na watoto watatu. Yeye alikuwa ananipa kitabu cha nyimbo nimpelekee dada, na ndani kuna kikaratasi kimekunjwa, na dada ananirudishia kitabu na kikaratasi kingine. Nilivifungua viwili. Nilielewa vya kutosha.

Dada akapata mimba, akarudishwa nyumbani. Wazee wa kanisa wakamwita ofisini wamuulize ni ya nani, akanyamaza. Akatengwa, asiguse meza ya Bwana, na mtoto alipozaliwa hakubatizwa mpaka mama arudi kundini. Wanaotoka sehemu zetu wanaijua hiyo ibada ya kurudi kundini. Unaitwa mbele Jumapili kanisa limejaa, unasimama unatazama madhabahu, mchungaji anakuuliza unatubu, unasema natubu, watu wanaimba. Siku ile ilikuwa zamu ya kwaya kubwa na sisi watoto tuliunganishwa nao. Mwalimu wa kwaya akasimama mbele yetu, akainua mikono, tukaimba. Yeye ndo aliyetupa sauti, akimpa mgongo dada, hata hatua tano hazifiki kutoka alipo.

Wiki moja kabla, mama alinivuta jikoni akaniuliza, wewe si ndo ulikuwa hutoki kwao, hujawahi kuona mtu yeyote pale? Nikasema hapana mama. Nilikuwa nimeshapewa kuanzisha wimbo wa Pasaka peke yangu. Nilijua nikisema hilo linaondoka.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma sura ya kwanza ya jukwaa chuoni, nikiwa na kopi niliyotoa stationery kwa sababu maktaba ilikuwa na nakala mbili tu darasa zima, nilishindwa kuendelea usiku ule. Maana unajua nani anaambiwa amsihi Hester amtaje baba wa mtoto? Dimmesdale. Wakubwa wanamgeukia wanasema wewe ndo mchungaji wake, ongea naye. Na anaongea, anainama kwenye roshani anamsihi kwa sauti nzuri inayotetemeka amtaje mwanaume, anamwambia kabisa asimhurumie, kwamba ni heri huyo mtu ashuke kutoka juu alipo asimame naye kuliko kuficha moyo wenye hatia maisha yote. Ukisoma mara ya pili unagundua alikuwa anamwomba mwanamke amfanyie kazi ambayo yeye ameishindwa. Wengine wanaona hapo ni ukatili. Mimi naona ni mtu anayezama anamshika aliyeko karibu naye, na bado sijui kama hilo linampunguzia kosa.

Hester anakataa. Anabaki na A yake, anashona, anaishi pembeni ya mji, na polepole anakuwa ndo mtu anayeitwa kwenye nyumba zenye wagonjwa, mpaka wengine wanasema ile A ni ya neno la Kiingereza la uwezo. Yeye dhambi yake ipo nje, inapigwa na jua, inapauka. Ya Dimmesdale ipo ndani na inamla. Anajichapa kwa mjeledi chumbani kwake milango imefungwa, anafunga mpaka magoti yanatetemeka, anakesha. Na zote hizo ni adhabu alizojichagulia mwenyewe, hilo ndo linanigusa, mtu mwenye hatia anapenda kujichagulia adhabu kwa sababu anajua ipi hatakiwi kuikwepa na hiyohiyo ndo anaikwepa. Mimi nilikuwa nafunga kila Ijumaa Kuu tangu nina miaka 13. Mama alikuwa anajivunia.

Halafu kuna ule usiku, sura ya 12. Imepita miaka saba. Dimmesdale anatoka kitandani, anakwenda kusimama juu ya lile jukwaa saa mji umelala, anapiga ukelele na hakuna anayekuja. Hester na binti yao Pearl wanapita, wametoka kwenye nyumba ambayo gavana Winthrop amefariki usiku huohuo, anawaita wapande, wanashikana mikono watatu. Na mtoto anamuuliza swali moja tu, kesho mchana utasimama na mimi na mama hapa? Anasema hapana, siku nyingine. Siku gani? Siku ya hukumu kuu. Pearl anacheka. Mtoto wa miaka saba anaelewa kwamba toba ya usiku, isiyo na shahidi, ni kitu cha bure. Angani kinapita kimondo na mchungaji anaona A kubwa, asubuhi mtunza kanisa anamwambia sisi tuliiona, tumeona ni A ya malaika kwa kuwa gavana wetu amekuwa malaika. Neno la malaika kwa Kiingereza nalo linaanza na A. Kila mtu anasoma mbingu kwa macho ya moyo wake.

Hawthorne alikuwa ameshaizunguka hii shida miaka mingi. Kwenye hadithi yake ya 1835, Young Goodman Brown, kijana wa Salem anaenda msituni usiku anakutana na watakatifu wote wa kijiji kwenye mkutano wa shetani, mpaka bibi aliyemfundisha katekisimu. Hatujui kama aliota. Ila tangu siku hiyo kanisa likiimba zaburi yeye hawezi kusikiliza, masikioni anasikia wimbo mwingine wa dhambi unaifunika. Nilisoma sentensi hiyo nikakumbuka kwaya. Nyimbo zile nilizifahamu zote kwa sauti ya mtu mmoja, na mpaka leo kuna mbili nikizisikia natoka nje. Kwenye hadithi nyingine ya Hawthorne, The Minister's Black Veil, kuna mchungaji Hooper, anayejifunika uso kwa kitambaa cheusi na hasemi kwa nini mpaka anakufa, mchumba anamwacha, watoto wanamkimbia. Dimmesdale alisema kwa maneno akapendwa, Hooper alisema kwa kitambaa akaogopwa, na wote wawili hawakulitaja jambo lenyewe.

Miaka 100 na kitu baadaye Arthur Miller akaigeuza hiyo habari upande wa pili. Tamthilia yake ya The Crucible ilianza kuchezwa New York Januari 1953, wakati Marekani watu wanaburuzwa mbele ya kamati kutaja majina ya wakomunisti, na yeye mwenyewe mwaka 1956 aliitwa akakataa kuwataja wenzake. Alirudi Salem ya 1692 kwa sababu kule kulikuwa na kitu cha kutisha ambacho ni historia kabisa: aliyekiri uchawi na kushikilia kukiri kwake hakunyongwa mwaka ule. Walionyongwa, watu 19, ni waliosema sikufanya. Na Giles Corey, mzee wa miaka 80 hivi, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa kukataa kujibu shtaka. Yani kukiri kulikuwa biashara, unatoa uongo unapewa uhai, na ukitaja wengine inakuwa nzuri zaidi.

Ndani ya hapo Miller anamweka John Proctor mwenye hatia ya kweli ambayo hakuna aliyemshtaki nayo. Amelala na Abigail, binti aliyekuwa mfanyakazi wao wa ndani. Hilo la mapenzi ni la kubuni, Proctor wa kweli alikuwa na miaka kama 60 na Abigail wa kweli 11 au 12, na naomba watu wakumbuke hilo maana mtoto yule wa historia amebebeshwa mzigo usio wake. Ila kwenye tamthilia Proctor anasimama mahakamani anajivua nguo mbele ya mji, anasema nimezini na huyu, msimwamini. Wanamleta mkewe Elizabeth wamuulize, na ni mwanamke ambaye mume ameshawaapia kwamba hajui kusema uongo. Hajui mume ameshakiri. Anaulizwa, mumeo ni mzinzi? Na kwa mara ya kwanza maishani anadanganya, kwa upendo, anasema hapana. Uongo huo ndo unammaliza mumewe.

Nimekaa na hiyo "hapana" ya Elizabeth sana, kwa sababu ya yangu ya jikoni. Yake ilitoka kwenye upendo. Yangu mimi ilitoka kwenye wimbo wa Pasaka.

Kati ya watu wa kweli wa Salem ninayemheshimu ni Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu. Januari 14, 1697, siku ya kufunga, alisimama kwenye kiti chake kanisani Boston wakati mchungaji anasoma karatasi aliyoiandika Sewall, inayosema anataka kubeba lawama na aibu ya kesi zile. Alisimama tu watu wanamwangalia mpaka ikaisha, akainamisha kichwa, akakaa. Mchana, watu wote wapo. Ann Putnam, aliyekuwa na miaka 12 alipowashtaki watu, alisimama vivyo hivyo mwaka 1706, ila maneno yake yalimtupia shetani sehemu kubwa. Simhukumu, alikuwa mtoto. Lakini alimtaja kwa jina Rebecca Nurse, mmoja wa walionyongwa, na hilo ni zaidi ya nililokuwa nimefanya mimi.

Kuhusu mwisho wa Dimmesdale nina ugomvi nao. Anahubiri hubiri kubwa kuliko yote siku ya uchaguzi, anatoka kanisani amechoka, anapanda jukwaani mchana kweupe na Hester na Pearl, anasema, anafungua kifua, anakufa. Hawthorne alipomsomea mkewe kurasa za mwisho, Februari 1850, mama wa watu aliumwa kichwa akaenda kulala, na mwandishi akaona amefaulu. Kweli inauma. Lakini soma tena pale Hester anapoinama anamuuliza, hatutaonana kule? Tumelipia vya kutosha kwa mateso yote haya. Na yeye anamnyamazisha, anamwambia fikiria dhambi yetu, naogopa. Anaondoka mwepesi. Anayebaki na maisha ni mwanamke. Hata siku ile ya kukiri, siku iliyotakiwa kuwa yao wote watatu, ilikuwa yake yeye, na kuna waliokuwepo walioapa baadaye kwamba hakukiri chochote, kwamba alikuwa anatoa mfano tu wa unyenyekevu. Miaka mingi nilikuwa nasifu ujasiri wake. Sasa hivi namuuliza, uliwauliza hao wawili kama wanataka?

Nalisema hilo kwa sababu mwaka jana nilimtafuta dada. Anaishi Arusha, ana duka lake la cherehani, mtoto yule ni mtu mzima mwenye watoto. Nilikuwa nimejiandaa miaka, nimeandika mpaka kwenye daftari. Nikamwambia dada, mimi nilijua, mama aliniuliza nikasema hapana, na ile Jumapili uligeuka ukatuangalia kwenye benchi la kwaya na mimi nikainamisha kichwa, nisamehe.

Akakaa kimya kidogo. Akasema, mdogo wangu, siku ile nilikuwa nakuangalia wewe, sio yule. Nilikuwa naomba Mungu usifungue mdomo. Ungesema, mke wake angekuja na panga nyumbani kwa mama, na mwanangu angelelewa kwenye matusi. Hilo niliamua mimi mwenyewe.

Nikashindwa kusema kitu. Alafu akaongeza, bila hasira, kama mtu anayekumbuka bei ya kitu, ila wewe ulikuwa ukiniona njiani na mtoto mgongoni unakata kona unapitia shambani kwa watu. Tangu siku ile hukuja tena nyumbani. Nilikuwa nakutunzia vitambaa.

Ni kweli. Nilikuwa napitia shambani. Miaka 28 naungama kosa ambalo halikuwa langu kuliungama, na hilo lingine, la vitambaa, sikuwahi hata kulihesabu. Dimmesdale miaka saba anaishi mji mmoja na binti yake, na mtoto anamuomba amshike mkono mchana, mchana tu, basi.

Nilimuomba ruhusa niandike haya, akasema andika ila jina usiweke, na mwanangu asijijue. Halafu akauliza kitabu chenyewe kinahusu nini. Nikamsimulia kwa kifupi, nikamwambia Hester naye alikuwa fundi, alikuwa anawashonea mji mzima, kola za wakubwa, nguo za vichanga, mpaka za maiti, ila hakuna aliyewahi kumpa shela ya bi harusi.

Nikasikia cherehani inazunguka upande wa pili wa simu, ikasimama.

"Mimi wiki hii ninazo mbili," akasema. "Moja ya Jumamosi. Ngoja niimalizie pindo."